Kompyuta Yako: Faili la Kuwashia Halionekani

Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi hapa Dodoma wamekuwa wakipiga Windows upya, na barua zinazofika katika safu hii zimeanza kufanana: kompyuta imekwama kabla haijawaka, na skrini inataja faili ambalo mwenye kompyuta hajawahi kulisikia. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu kosa lake ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi zaidi.

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa. Shule yetu ilipewa kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, na diski yake ilikuwa imefutwa, haina kitu. Nilipakua Windows 11 kwa bando langu mwenyewe usiku kucha, nikaiweka kwenye flashi. Kila nikiiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, inatokea skrini ya bluu yenye maneno kwamba kompyuta inahitaji kutengenezwa, na chini yake limeandikwa faili la \Boot\BCD pamoja na namba 0xc000000f. Fundi mmoja ameniambia kwamba diski imekufa na ninunue nyingine. Je, ninunue?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, usinunue diski. Umeandika mwenyewe kwamba diski hiyo haina kitu, na hapo ndipo jibu lilipo: faili linalotajwa haliwezi kuwa la kwenye diski tupu. Ni la kwenye flashi. Kompyuta ilianza kuisoma flashi yako vizuri, ikaipata programu ya kwanza ya kuwashia, programu hiyo ikaenda kuitafuta BCD, yaani daftari dogo linaloeleza Windows iko wapi na iwashwe vipi, na daftari hilo likakosekana au likasomeka nusu. Ukitaka kuhakikisha, chomoa flashi kisha uiwashe kompyuta bila kitu chochote. Ujumbe utabadilika, utaambiwa tu kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, kwa maana diski tupu haiwezi kulalamikia daftari ambalo haijawahi kuwa nalo.

Kuna jambo la pili ambalo skrini hiyo imekueleza bila wewe kuuliza. Tazama njia ya faili: \Boot\BCD. Kompyuta inapowaka kwa mtindo wa zamani, unaoitwa Legacy, husoma sekta ya kwanza ya diski au flashi, baiti 512 tu, na kutoka hapo huongozwa hadi kwenye faili la bootmgr, kisha kwenye \Boot\BCD. Inapowaka kwa mtindo mpya wa UEFI, huingia moja kwa moja katika folda ya EFI, hufungua faili la bootx64.efi, na daftari linalosomwa huwa ni lile la \EFI\Microsoft\Boot\BCD. Kwa hiyo kompyuta ya shule imeiwasha flashi kwa mtindo wa zamani, ilhali Windows 11 inataka UEFI. Hata kama daftari lisingekosekana, ungekwama mbele ya safari.

Anza na faili ulilopakua. ISO ya Windows 11, yaani faili moja lililobeba mafaili yote ya kuisakinisha, ina zaidi ya GB 5, na kuipakua kwa bando la simu, mtandao ukikatika na kurudi, ni njia rahisi ya kupata faili lenye jina sahihi na tumbo pungufu. Katika kompyuta yoyote yenye Windows, fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, kisha mahali faili lilipo, kisha SHA256, ukiacha nafasi kati ya kila kimoja. Baada ya muda mfupi utapewa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule uliochapishwa na Microsoft kwenye ukurasa wa kupakulia. Faili likipungua hata baiti moja, mfuatano wote hubadilika, kwa hiyo huhitaji miwani. Tofauti utaiona tangu mwanzo wa mstari.

ISO ikiwa nzima, mtuhumiwa wa pili ni flashi yenyewe. Niliwahi kununua flashi iliyoandikwa GB 64 kwa mchuuzi wa mkononi, kwa bei iliyonifurahisha kupita kiasi. Windows iliiona kuwa ni GB 64, nikanakili mafaili yote bila kosa lolote kutokea, na nilipokuja kuwashia kompyuta nikapata namba hiyo hiyo uliyoipata wewe. Nikaipima kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza flashi kisha ikasoma tena ilichoandika, nikakuta nafasi ya kweli haifiki GB 8. Yaliyoandikwa mwishoni yalikuwa yakikaa juu ya yale ya mwanzo. Kipimo hicho huchukua muda mrefu, lakini ni cha bure, na ni nafuu kuliko diski mpya.

Namna ya kuandika flashi nayo ina makosa yake. Kunakili faili la ISO na kulibandika kwenye flashi hakutoshi, kwa sababu kompyuta inayowaka haiji kufungua ISO. Inatafuta mafaili yaliyomo ndani yake. Wengine huifungua ISO na kunakili yaliyomo, njia ambayo zamani ilikubali, lakini siku hizi faili la install.wim huzidi GB 4, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, haiwezi kubeba faili moja kubwa kiasi hicho. Mtu akiifomati kwa NTFS, mtindo wa Windows wa kupanga mafaili, ili faili litoshe, kompyuta nyingi za UEFI hazitaisoma, kwani UEFI inachodaiwa kukifahamu ni FAT. Ndiyo maana napendelea utumie programu ya Rufus, ambayo ni ya bure na inalimaliza tatizo hilo yenyewe. Chagua ISO yako, kwenye mpangilio wa patisheni, yaani vigawanyo vya diski, chagua GPT, jedwali la mtindo mpya, na kwenye aina ya kompyuta lengwa chagua UEFI.

Sasa rudi kwenye kompyuta ya shule. Unapoiwasha, bonyeza kitufe cha kuchagulia kifaa, ambacho kwa mashine nyingi ni F12, F9 au Esc kutegemea aliyeitengeneza. Katika orodha inayotokea, mara nyingi flashi moja huonekana mara mbili: mstari mmoja una jina la flashi peke yake, na mwingine una neno UEFI mbele ya jina hilo hilo. Chagua wenye neno UEFI. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kwa sababu ya mistari hiyo miwili inayofanana kama mapacha. Ukiona hakuna mstari wenye neno UEFI, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani ya kompyuta inayoanza kabla ya Windows, uiwezeshe UEFI, ukiangalia sehemu iliyoandikwa Boot Mode.

Ukifika mahali pa kuchagua diski, huenda ukaambiwa kwamba diski ina jedwali la MBR, la mtindo wa zamani, na kwamba kwenye mfumo wa EFI Windows hukubali GPT tu. Usishtuke. Kwa kuwa diski yako haina kitu cha kupoteza, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja, andika diskpart, kisha list disk, kisha select disk na namba ya diski, halafu clean, na mwisho convert gpt. Amri ya clean hufuta jedwali lote la patisheni bila kukuuliza mara mbili, na flashi yako nayo imo katika orodha hiyo, kwa hivyo itambue diski kwa ukubwa wake kabla ya kubonyeza chochote.

Neno moja zaidi, Mwalimu. Windows 11 inadai TPM 2.0, kijichipu cha usalama ndani ya kompyuta, na vichakataji vya Intel vinavyokubaliwa rasmi huanzia, kwa jumla, kizazi cha 8. Kompyuta ya msaada mara nyingi ni ya zamani kuliko hapo. Ikiwa hivyo, mimi ningeweka Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya bure inayokaa mahali pa Windows, na kuendelea na kazi ya kufundisha, badala ya kuilazimisha mashine ivae kiatu kisichoiingia.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Kompyuta yangu mpakato ilikuwa na diski ya kawaida. Nikaongeza SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 256 na kupiga Windows mpya kwenye SSD. Ilifanya kazi vizuri muhula mzima. Wiki iliyopita nilipata mteja wa ile diski ya zamani, nikaichomoa na kuiuza. Tangu siku hiyo kompyuta inasema hakuna kifaa cha kuwashia, ingawa kwenye BIOS SSD inaonekana. Nimejaribu bootrec /fixboot, nikajibiwa kwamba ruhusa imekataliwa. Ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo imo humo.
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba kijana wangu. Ripoti yako ipo salama. Ulichofanya ni kuuza nyumba ya jirani ambamo ulikuwa umeficha ufunguo wa nyumba yako.

Ulipopiga Windows kwenye SSD, diski ya zamani ilikuwa bado imechomekwa, na ndani yake mlikuwamo patisheni ndogo ya EFI, ile ambayo huwa na ukubwa wa kama MB 100 na haionekani ukifungua orodha ya kawaida ya diski. Programu ya kusakinisha ikiikuta patisheni hiyo tayari ipo, haihangaiki kutengeneza nyingine. Huyaweka mafaili ya kuwashia humo humo, hata kama Windows yenyewe inakwenda kukaa kwenye diski tofauti. Kwa muda wote huo kompyuta yako ilikuwa ikianzia kwenye diski ya zamani kila asubuhi na kuhamia kwenye SSD bila wewe kujua. Ndiyo maana nawaambia wanaokuja kwangu na diski mbili: wakati wa kusakinisha, chomoa ile usiyoihitaji, kisha uirudishe baadaye.

Amri ya fixboot iache. Kazi yake ni kuandika sekta ya kuwashia, na wewe hukosi sekta. Unakosa patisheni nzima pamoja na mafaili yake. Amri inayokufaa ni bcdboot, ambayo hunakili mafaili ya kuwashia kutoka ndani ya Windows yako na kuandika daftari jipya la BCD.

Washa kwa flashi ya Windows, kwa mtindo wa UEFI, na kwenye skrini ya kuchagua lugha bonyeza Shift na F10. Katika kompyuta mpakato nyingine itabidi ushike na Fn. Kwanza tafuta Windows yako ilipo, kwa sababu herufi za diski humu si zile ulizozizoea, na iliyokuwa C nyumbani inaweza kuitwa D au E. Andika dir C:\ kisha dir D:\ na kuendelea, mpaka uone folda ya Windows na ya Users pamoja. Tuseme umezikuta D. Andika diskpart, kisha list disk, na utazame safu ya mwisho yenye neno Gpt; SSD yako inapaswa kuwa na kinyota hapo. Halafu list volume, select volume pamoja na namba ya ile yenye herufi D, kisha shrink desired=300, ambayo huipunguza patisheni ya Windows kwa MB 300 bila kugusa mafaili yako. Baada ya hapo chagua diski kwa select disk na namba yake, uandike create partition efi size=260, kisha format quick fs=fat32, kisha assign letter=S, na mwisho exit.

Hapo format itafanyika kwenye patisheni mpya tu, lakini ikiwa umeruka amri ya kuitengeneza kwa sababu ilileta kosa, format itaangukia patisheni iliyochaguliwa kabla yake, ambayo ni Windows yako pamoja na ripoti. Kwa hiyo kila amri isome jibu lake kabla ya kuandika nyingine. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimewahi kuandika amri mbili kwa pupa, umeme ukiwa unatishia kukatika, nikafomati nisichokusudia.

Ukiwa umetoka diskpart, andika bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI. Ikijibu kwamba mafaili ya kuwashia yametengenezwa, chomoa flashi uwashe upya. Kama ulipojaribu dir uliambiwa kwamba diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, itakubidi kwanza uwe na ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo siku ya kwanza, na unaweza kuutazama kwa simu. Bila ufunguo huo mimi wala fundi yeyote hatuwezi kukusaidia.

SWALI: Nilikuwa na Windows na Ubuntu kwenye kompyuta moja. Nafasi ilipopungua nikaifuta patisheni ya Ubuntu nikiwa ndani ya Windows. Sasa ikiwaka inaleta skrini nyeusi yenye maneno grub rescue na inakaa hapo. Je, Windows nayo imefutika?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Haijafutika. GRUB ndiye aliyekuwa mlangoni akikuuliza uingie Windows au Ubuntu, na sehemu kubwa ya mafaili yake ilikuwa ndani ya patisheni uliyoifuta. Kama kompyuta yako inawaka kwa UEFI, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, nenda kwenye mpangilio wa vifaa vya kuwashia, upandishe Windows Boot Manager iwe ya kwanza; huhitaji flashi wala amri. Kama inawaka kwa mtindo wa zamani, tumia flashi ya Windows, fungua dirisha la amri, uandike bootrec /fixmbr. Na ikiwa ndani ya Ubuntu ulikuwa na kitu unachokitaka, usiandike chochote katika nafasi iliyoachwa, kwani kufuta patisheni huondoa anuani yake kwenye jedwali na si vilivyomo. Programu ya TestDisk mara nyingi huirudisha.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja ndogo Mpwapwa. Kompyuta yetu ya mezani, kila umeme unapokatika usiku, asubuhi inakataa kuwaka na kusema hakuna diski ya kuwashia. Fundi huja akapiga Windows upya na kutulipisha, ikakaa wiki moja au mbili, kisha mambo ni yale yale. Tumekwisha kupiga Windows mara 4 mwaka huu. Tukinunua diski mpya itakoma?
Katibu muhtasi, Mpwapwa

JIBU: Dada, kabla ya jambo lolote nijibie swali moja ukiwa mbele ya mashine: asubuhi hiyo inapokataa, saa na tarehe yake inasomaje? Kama imerudi nyuma miaka mingi, hadi siku ambayo hata ofisi yenu pengine haikuwapo, basi diski haina kosa na Windows nne zote mlizolipia hazikuhitajika.

Ndani ya kompyuta, juu ya mazabodi, ule ubao mkuu, kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuitunzia kompyuta saa na mipangilio ya BIOS wakati hakuna umeme. Ikichoka, umeme ukikatika mipangilio yote hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Sasa fikiri: Windows yenu ilipigwa kompyuta ikiwa katika mtindo wa Legacy, lakini mpangilio wa kiwandani ni UEFI. Asubuhi kompyuta inatafuta patisheni ya EFI ambayo haijawahi kuwapo, inaikosa, na inasema kweli kabisa kwamba haioni cha kuwashia. Fundi naye anabadilisha mpangilio ili flashi yake iwake, anapiga Windows, mashine inawaka, na kila mtu anaamini kwamba Windows ndiyo iliyoponya.

Kuna sura nyingine ya ugonjwa huo huo. Badala ya mtindo wa kuwashia, kinachobadilika ni namna diski inavyounganishwa, kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake. Hapo Windows huanza kuwaka kidogo, kisha huleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Dawa ni ile ile, kurudisha mpangilio ulivyokuwa, na mafaili yenu hayaguswi.

Fanyeni hivi. Siku kompyuta ikiwa inawaka vizuri, ingieni kwenye BIOS na kupiga picha kwa simu kurasa mbili: ule wa mtindo wa kuwashia na ule wa SATA, unaoonyesha kama ni AHCI au RAID. Kisha zimeni, chomoeni waya wa umeme ukutani, fungueni ubavu wa mashine. Vumbi la kiangazi cha huku kwetu litakuwa limejaa, basi lipulizeni kwanza, msilifute kwa kitambaa kibichi. Betri ya zamani hutoka kwa kusukuma kipini kidogo kilicho pembeni yake, na mpya huingia upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washeni, rekebisheni saa, rudisheni mipangilio kama ilivyo kwenye picha, hifadhini kwa F10. Jioni chomoeni tena waya ukutani na muiache mashine hivyo hadi asubuhi, ili mpime betri bila kungoja umeme ukatike wenyewe. Picha zile mbili mzichapishe na kuzibandika ndani ya mfuniko wa mashine, ambako fundi atakayekuja siku nyingine atazikuta kabla hajachomeka flashi yake.